Steringi Aliyekufa Mara Mia

Kwenye sinema tulizokua nazo, steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na jiwe shingoni, lakini mkanda ukiisha yeye ndiye amesimama na adui yuko chini. Watoto wa Magomeni tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Ndiyo maana ile mashine ya gemu ya kijivu ilipoingia nyumbani kwetu, mwaka 1995, ilituvuruga. Steringi wa Contra, kifua wazi, misuli imejaa, aliguswa na risasi moja tu, akapinduka hewani, akafa. Tukamrudisha. Akafa. Tukampa mwenzetu pedi, akafa naye.

Mashine aliileta baba mdogo kutoka Dubai. Ilikuwa nakala ya Famicom ya Nintendo, iliyoundwa na kiwanda ambacho hakikuona haja ya kuandika jina lake. Famicom yenyewe ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983, na mwaka huo wa 95 Wajapani walikuwa tayari na PlayStation sebuleni. Sisi ndiyo kwanza tunaanza. Hata matangazo ya televisheni huku Bara yalikuwa na umri wa mwaka mmoja, tangu ITV ianze kurusha 1994.

Kaka yangu mkubwa anaamini vifo vile vilimlea. Dada yangu anaamini vilimdhulumu. Nimewasikia wakibishana juu ya hilo harusini, msibani, na safari moja kwenye foleni ya hospitali tukisubiri majibu ya mama. Jumamosi iliyopita ubishi ulihamia kwa fundi wa TV. Kaka alikuwa ameitoa stoo TV ya chogo ya mama, pamoja na mashine yenyewe na kaseti yake moja, akataka vyote vifufuliwe. Dada alikuja na mwanawe wa kidato cha tano, kijana asiyeogopa wakubwa ila kwa shikamoo. Mimi kitinda mimba, ambaye enzi zile kazi yangu ilikuwa kupuliza kaseti na kushika waya wa antena usicheze, nilikuja na daftari.

KAKA: Andika hivi. Gemu za siku hizi zinambembeleza mchezaji kama mgonjwa. Ukianguka unaokotwa, ukipotea mshale unakuonyesha njia. Contra ilitupa hatua nane na roho tatu. Zikiisha unaruhusiwa kuendelea mara chache, na hizo nazo zikiisha unarudi mwanzo kabisa. Hakuna kuhifadhi. Umeme ukikatika, mwanzo kabisa. Siku niliyoimaliza nilijua mikono yangu imejifunza kitu ambacho mwizi haibi.

MPWA: Mjomba, uliimaliza kwa roho tatu au thelathini?

Kaka akaomba maji ya kunywa.

Hapa niweke maelezo, maana yeye hakuyaweka. Mwaka 1986 mtengenezaji mmoja wa kampuni ya Konami, Kazuhisa Hashimoto, alikuwa akiihamisha Gradius kutoka kwenye mashine za sarafu kwenda Famicom. Kila alipotaka kuijaribu ilimshinda. Akajitengenezea njia ya panya: bonyeza vitufe fulani kwa mpangilio fulani, upewe silaha zote. Gemu ikauzwa na njia yenyewe ikiwa ndani. Contra ilipoingia majumbani mwaka 1988, mpangilio uleule ulimpa mchezaji roho thelathini. Yaani ugumu anaoutukuza Kaka ulimshinda hata fundi aliyekuwa akiushona.

DADA: Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Naukumbuka kuliko namba yangu ya NIDA.

KAKA: Thelathini zilikuwa za mazoezi. Mwisho niliimaliza kwa tatu.

DADA: Nani alikuona?

KAKA: Wewe uliniona.

DADA: Nilikuona umefika kwa bosi wa mwisho, umeme ukakatika.

KAKA: Niliimaliza kesho yake. Ulikuwa madrasa.

DADA: Bahati mbaya sana hiyo.

MPWA: Samahani, mjomba. Ugumu mnaousifu haukuwekwa uwalee. Uliwekwa uwale. Contra ilianza mwaka 1987 kwenye mashine za mtaani, zile za kutumbukiza sarafu: Marekani robo dola, Japani yeni 100. Mwenye mashine hana faida na mtu anayecheza saa nzima kwa sarafu moja. Anataka ufe upesi, lakini usife upesi mno mpaka ukasirike ukaondoka. Ufe ukiwa umebakiza kidogo tu, uingize mkono mfukoni. Gemu hizo zilipohamishiwa nyumbani, sarafu ziliachwa mlangoni, vifo vikaingia ndani.

FUNDI: Kijana kasema nusu, nusu nyingine iko humu.

Fundi alikuwa ameshaifungua mashine. Ni mzee wa maneno machache, na yakitoka huyatoa akiwa ameinama, kama anazungumza na koili.

FUNDI: Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya Famicom ni kilobaiti 2. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, hatua zake 32, muziki wake, maadui wake, kila kitu, ni kilobaiti 40. Picha moja ya harusi mnayotumiana WhatsApp inaimeza. Sasa wewe mtengenezaji unayo nafasi hiyo tu, na mteja ametoa hela nyingi, anataka mchezo wa miezi. Utafanyaje? Huna pa kuongeza nchi za kutembea. Unaongeza mashimo.

KAKA: Na humo ndimo akili ilimotumika! Wingu la Mario na kichaka chake ni mchoro mmoja, huku wamepaka nyeupe, kule kijani. Mtu mwenye nafasi tele angekumbuka kufanya hivyo?

MPWA: Contra, asiyekufa anaimaliza kabla ya nusu saa. Kwa hiyo, mjomba, mliuziwa nusu saa mkailipia mwaka.

KAKA: Nyumba ilikuwa na kaseti moja. Juu imeandikwa michezo 9999, ndani iko kama kumi na miwili, iliyobaki ni ileile imeanzia mbele au imeongezwa roho. Gemu laini ingetuishia wiki mbili, halafu tungebaki na mashine ya kuegeshea vikombe. Unasema mwaka kama vile ni hasara. Jioni za mwaka mzima, watoto watano, kaseti moja. Nitajie kitu kingine kilichokuwa na bei hiyo.

Hesabu hii siipingi. Ila Dada, ambaye kazi yake ni uhasibu, hakuridhika na vitabu vilivyofungwa mapema.

DADA: Iko sababu ya tatu, na hiyo ndiyo inayonichefua. Marekani watu walikuwa wanakodi gemu kama sisi tulivyokodi mikanda ya video. Unachukua Ijumaa, unarudisha Jumatatu. Nintendo hawakupenda, lakini sheria ya kule haikuwapa pa kushika. Mwaka 1989 waliwashtaki wakodishaji Blockbuster, na kosa lenyewe walilolipata ni kutoa fotokopi ya vitabu vya maelekezo. Japani ukodishaji ulikuwa umebanwa kisheria. Basi kampuni zingine zikapigana vita hiyo ndani ya gemu: ifanye ngumu, mkodishaji asiimalize mwisho wa juma, alazimike kununua. Castlevania III waliyouziwa Wamarekani ni ngumu kuliko ya Wajapani. Lakini kubwa kuliko yote ni The Lion King.

MPWA: Ya Simba?

DADA: Ya Simba. Simba, Rafiki, Pumbaa, maneno yetu wenyewe. Ilitoka 1994, ikatengenezwa na Westwood Studios. Hatua ya kwanza mteremko. Hatua ya pili kuna nyani wanarushiana yule mtoto wa simba, ukikosea mpangilio wao unazunguka palepale. Watoto walilia. Miaka baadaye Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa studio hiyo, alieleza kwamba Disney ndio waliotaka ugumu uongezwe mapema, kwa hofu ya wanaokodi. Sasa niambie, kaka yangu: mtoto wa Dar, ambaye hajawahi kuliona duka la Blockbuster, anateswa kwa ajili ya vita vya wenye maduka wa Marekani. Ni sawa na mtumba. Koti zito la baridi ya watu, tumelivaa hapa kwenye joto, tunatoka jasho, halafu uzeeni tunasema lilikuwa linajenga mwili.

KAKA: Na viatu vyako vya Idi vilishonwa kwa ajili ya nani? TV hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani? Jezi tulizochezea mpira zilikuwa na majina ya watu migongoni. Hakuna kitu cha utoto wetu kilichotengenezwa kikimfikiria mtoto wa Magomeni. Tusikumbuke chochote, basi?

Dada alinyamaza, na hilo si jambo la kila siku. Nami sikuwa na jibu. Bado sina.

Aliyeukwamua mjadala ni Mpwa, kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo wenye kumbukumbu tunavichanganya. Kuna ugumu unaokufundisha, kila kifo kinakuonyesha ulipokosea. Na kuna ugumu wa uonevu. Alitoa mfano wa Ghosts 'n Goblins ya Capcom: askari wa deraya akiguswa mara moja anabaki na bukta, akiguswa mara ya pili anabaki mifupa, na ukiweza kuvuka yote hayo hadi mwisho unaambiwa ulichokiona ni hila ya Shetani, rudia gemu nzima. Kisha akaileta Battletoads ya mwaka 1991, kazi ya kampuni ya Kiingereza ya Rare. Gemu ile inajulikana kwa hatua yake ya tatu, ya vyombo vinavyokwenda kasi baina ya kuta, ambapo wengi waliiacha. Lakini uonevu wake uko mbele zaidi. Katika toleo la Marekani, mkicheza wawili, mkafika hatua ya 11, pedi ya mchezaji wa pili haisikii. Ni kosa la programu. Anakufa amesimama, na wala si kwa uzembe wake.

DADA: Mchezaji wa pili. Andika hiyo.

Nimeandika. Wajapani, kwa taarifa yenu, waliuziwa Battletoads iliyolainishwa.

KAKA: Sitetei makosa ya programu. Natetea mikono. Kasi tuliyokuwa nayo sisi, vijana wa kubonyeza skrini ya simu hawawezi kuifikia.

FUNDI: Kuhusu kasi. TV yenu mlikuwa mnaona rangi?

KAKA: Rangi zote.

FUNDI: Basi mashine ilikuwa ya PAL. TV hii naijua, nimeifungua mara tatu, ni ya PAL tupu. Ungechomeka mashine ya mfumo wa Kijapani ungeona picha ya kijivu, au inaparama juu. Sasa PAL inachora picha 50 kwa sekunde. Japani na Marekani 60. Na gemu hizi zinahesabu mwendo kwa picha. Picha ikipungua, kila kitu kinapungua.

MPWA: Yaani mjomba alikuwa anacheza taratibu?

FUNDI: Moja ya sita pungufu. Na muziki pia. Nyimbo wanazokumbuka wao na wanazokumbuka Wajapani si za kasi moja.

Sijawahi kumwona kaka yangu akikosa neno kwa muda mrefu namna ile. Alimtazama Fundi, akaitazama TV, akanitazama mimi kana kwamba ningeweza kulifuta lile nililolisikia.

KAKA: Risasi zilikuwa taratibu. Lakini na steringi wangu naye alikuwa taratibu.

FUNDI: Steringi, ndiyo. Kidole chako je?

Fundi akacheka peke yake, kisha, kwa huruma nadhani, akampa Kaka kitu cha kushika. TV hii ya chogo, alisema, inachora mstari kwa mstari hapohapo ishara inapoingia. TV bapa inaipokea picha kwanza, inaichambua, inaipamba, ndipo inakuonyesha, na hapo vimeshapita vipande vya sekunde. Unabonyeza kuruka, steringi anaruka akiwa ameshafika shimoni. Kwa hiyo mtu anayecheza gemu hizi leo kwenye TV bapa anacheza ngumu kuliko tuliyocheza sisi. Na bunduki ya kuwindia bata, ile ya Duck Hunt, haifanyi kazi kabisa, kwa sababu inategemea mwanga wa chogo kufika kwa wakati wake. Watu wanamletea bunduki nzima wakisema imekufa.

Nikamwuliza nami langu, maana nilikuwa na hamu ya kusikia mchango wangu katika historia. Kupuliza kaseti kulisaidia nini?

FUNDI: Wewe ndiye uliyekuwa unapuliza? Ndiyo maana shaba imeota kijani hapa. Pumzi ina unyevu. Kilichosaidia ni kuitoa na kuichomeka upya, meno yakakaa sawa. Nintendo wenyewe walikuja kuwaonya watu wasipulize.

Kazi yangu yote ya utotoni ikaishia hapo. Nilimwona Kaka amepata nafuu kidogo.

Mpwa akasema kwamba anayetaka ugumu hajakosa pa kuupata. Demon's Souls ilitoka 2009, Dark Souls 2011, Elden Ring 2022, zote za FromSoftware, zote zinaua kwa makusudi, na hiyo ya mwisho iliuza zaidi ya nakala milioni 20 ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo wanaolia kwamba ugumu umekufa hawaulilii ugumu. Akaongeza jambo ambalo mimi sikulitarajia kutoka upande wake: Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 huko Marekani aliicheza Tetris ya Nintendo, ile ya mwaka 1989, hadi hatua ya 157, ambako programu yenyewe ilizidiwa ikaganda. Kwa miaka mingi wakubwa waliamini hatua ya 29 ndiyo mwisho wa uwezo wa binadamu, kwa vile vipande huanza kushuka upesi kuliko kitufe kinavyoweza kuvisogeza. Vijana wakabuni namna nyingine ya kushika pedi, wanapigapiga vidole mgongoni mwake. Hakuna aliyewaambia gemu ile ni kumbukumbu ya mtu.

KAKA: Kwa hiyo unakubaliana nami.

MPWA: Hapana, mjomba. Nasema hamkuimaliza.

Jua lilikuwa limegeuka, Fundi amewasha pasi ya risasi, moshi wake mwembamba unanukia kama shule ya ufundi. Na Dada, ambaye muda wote alikuwa akizungusha pedi ya pili mkononi, akasema alilokuja kulisema.

DADA: Sheria ya nyumbani ilikuwa ukifa unatoa pedi. Sivyo?

KAKA: Ndivyo. Sheria moja kwa wote.

DADA: Tulikuwa watano. Wewe ulikuwa unakaa dakika kumi ndipo unakufa. Mimi dakika moja, kwa sababu nilikuwa sijui, na njia ya kujua ni kushika pedi. Kwa hiyo anayejua anafanya mazoezi dakika kumi, asiyejua dakika moja. Kesho yake wewe umefika kumi na mbili, mimi bado moja. Piga hesabu ya mwaka. Wewe unaita kipaji, mimi naona riba. Na gemu ikizidi kuwa ngumu ndivyo inavyozidi kumpa aliyenacho. Ingekuwa laini kidogo tu, tungekaa wote dakika tano tano.

KAKA: Ungejitahidi kama—

DADA: Saa kumi na mbili jioni nani alikuwa anaitwa jikoni? Sheria ni moja kwa wote, mchicha wa kuchambua ulikuwa wa nani? Nilikuwa nakaa mlangoni, beseni mapajani, natazama. Contra nzima nimeijua kwa macho. Nani alikwambia daraja la hatua ya kwanza linalipuka, usisimame? Ukikwama ulikuwa unapiga kelele, "We, hapa kuna nini?" Nami nikiwa jikoni nasema, ruka, kisha lala. Watoto wa mtaa mzima wanakupigia makofi wewe.

Hili nalithibitisha mimi, shahidi wa antena. Sauti kutoka jikoni ilikuwapo. Nilikuwa nimeisahau mpaka Jumamosi ile, jambo linalonifanya nijiulize ni mangapi mengine ambayo kumbukumbu zetu tamu zimeyaacha mlangoni na beseni.

DADA: Na siku chache nilizopewa pedi ya pili, tukifika kwenye maporomoko...

KAKA: Basi, basi.

DADA: Hatua ya tatu ni maporomoko ya maji, mnapanda kwenda juu, na skrini inamfuata aliye juu. Aliyebaki chini, skrini ikimwacha, anakufa. Ulikuwa unapanda mbio makusudi.

KAKA: Nilikuwa nakimbia risasi.

DADA: Ulikuwa unanikimbia mimi.

Mpwa akajaribu kuokoa jahazi. Siku hizi, alisema, mambo hayo yana dawa. Mwaka 2016 Nintendo wenyewe walitoa mashine ndogo ya kumbukumbu, gemu 30 za zamani ndani yake, na unaweza kuhifadhi popote ulipofika. Gemu kama Celeste ya mwaka 2018, ngumu kwelikweli, inamruhusu mchezaji apunguze kasi au azuie kufa, bila kumsimanga.

KAKA: Hiyo ni kula biriani kwa sindano. Umeshiba, hujala.

DADA: Madrasa ulijifunzaje sura? Ustadhi alikurudisha mwanzo wa juzuu kila ulipokosea aya? Unairudia aya hiyohiyo mpaka ikae ulimini, ndipo unasonga. Ningekuwa na kuhifadhi, ningehifadhi pale chini ya maporomoko, nikarudia mchana kutwa wewe ukiwa mpirani. Ningeyaweza.

Kaka hakujibu mara moja. Alipojibu, hakuwa tena mtu wa harusini na msibani anayetafuta vicheko.

KAKA: Unakumbuka roho ikiwa imebaki moja? Mmefika kwa bosi. Mnajua mkifa ni mwanzo kabisa, na saa mbili mama anataka TV yake ya taarifa ya habari. Watoto wote kimya. Hata huyu hapumui na antena yake. Kile kimya. Ukiweka kuhifadhi, kile kimya hakipo, kwa sababu hakuna cha kupoteza. Mimi sikumbuki risasi wala sijali ni PAL au si PAL. Nimeishi miaka hamsini kasoro, nimekaa kwenye usaili wa kazi, nimekaa nje ya chumba cha upasuaji. Watu kukaa kimya pamoja kiasi kile, wote wakitaka kitu kimoja, nimekikuta mara chache sana.

Nilimtazama Dada. Alikuwa ameacha kuzungusha pedi.

DADA: Nakikumbuka. Jikoni kilisikika pia.

Mimi, kama mnataka hukumu ya mwandishi, nilidhani nimekuja na yangu: kwamba ugumu ule ulikuwa ni uhaba tu, uhaba wa kilobaiti, wa kaseti, wa umeme, na kwamba ni rahisi kuusifu uhaba ukishatoka ndani yake. Bado naona kuna ukweli humo. Lakini sentensi hiyo haina mahali pa kumweka Kaka na kile kimya chake, wala Dada na beseni lake, na wote wawili walikuwa wanazungumza juu ya jioni ileile, TV ileile.

Fundi akasema tusogee. TV ikatoa ule mlio wake mwembamba ambao watu wazima hawausikii tena, Mpwa akaziba masikio. Chengachenga. Akazungusha kitufe, chenga zikaganda, orodha ikatokea na herufi zake kubwa na tarakimu zake za uongo. Contra ilikuwa ya kwanza.

MPWA: Mama, weka ule mpangilio. Juu, juu...

DADA: Sitaki. Tatu zinatosha. Kaka, kaa.

Wakakaa kwenye kigoda kimoja cha Fundi, bega kwa bega, watu wenye miwani. Kaka alikufa mara moja msituni na kudai pedi imelegea. Dada alilivuka daraja bila kusimama. Kwenye ngome ya hatua ya pili walipita pamoja, Kaka akipiga kelele, Dada akisema tu, "Lala. Sasa simama." Wapita njia wawili walishaegemea mlangoni. Fundi aliizima pasi.

Maporomoko yakatokea, maji ya buluu yanashuka, mawe ya kukanyagia juu. Kaka akasimama chini kidogo, akifuta vidole kwenye suruali, nadhani akimngojea mwenzake.

Dada akaruka. Akaruka tena. Hakutazama chini.

MPWA: Mama, mjomba amebaki.

DADA: Namwona.